Vipande Vitatu vya Waya

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Rola imefika! Ya mtumba, kutoka Ulaya, imeandikwa maneno ambayo hata Bwana Jonathan, msimamizi wetu, anayasoma kwa kukunja uso. Ni ya kushindilia barabara ya Mkuyuni. Gurudumu la mbele chuma kitupu, uzito wa tembo wawili. Ina tabia moja: inazimika yenyewe.

Bwana Jonathan kauliza, wewe si fundi? Nikasema ndiyo. Sikudanganya sana. Kabla shirika letu la umma halijafa nilikuwa stoo, nikigawa spana miaka tisa. Anayegawa spana anajua zinakokwenda.

Sharti: Jumamosi rola ifanye kazi kutwa bila kuzimika, la sivyo karakana anakabidhiwa Winfrida, mimi nirudi Turiani. Turiani! Kwa shemeji Bonifasi, kufukuza ndege kwenye mpunga!

Winfrida ana miaka ishirini na mitatu, katoka chuo cha ufundi juzi. Kila asubuhi ananiamkia: shikamoo baba. Ananizeesha makusudi.

Jumanne, 2 Agosti

Nimeikamata. Injini ina swichi za usalama. Presha ya oili ikishuka, swichi inaizima. Maji yakichemka, swichi nyingine inaizima. Yaani wameunda mashine, halafu wakaiwekea wapelelezi.

Winfrida kasema tupime presha kwanza. Nikamwambia hapa tunatengeneza, hatupimi. Nimeiruka swichi ya oili kwa kipande cha waya, umeme upite pembeni yake. Rola ikanguruma asubuhi nzima. Nikanywa chai kwa maringo.

Saa nane, kimya. Dereva wake, Abasi, kijana mpole wa Matombo, kavua kofia akasema pole mzee. Mzee tena!

Jumatano, 3 Agosti

Siku ya gulio Mkuyuni. Nimeiruka na swichi ya joto. Imezimika mara kumi na saba. Kumi na saba! Watu wanapita na matenga, rola inakohoa, kimya. Bi Mwanvita, muuza ndizi, kauliza kama mashine hii inalipwa kwa kulala.

Nimechunguza. Kila bibi huyo anapopita, inazimika. Akienda, akirudi. Mambo yameanza kueleweka.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimemwomba Bi Mwanvita, kwa upole, apitie njia ya mtoni. Kasema njia hii mama yake aliikuta, mimi nimekuja juzi na spana, na kama namwita mchawi niseme kwa sauti wote wasikie.

Sikusema kwa sauti.

Nikafanya jaribio. Nikakaa mwenyewe kwenye rola. Bibi kapita. Nikamtazama tu, salamu sikumpa, tuna yetu. Injini haikutetereka! Kwa hiyo ananiogopa. Nikampandisha Abasi, bibi akarudi: kimya.

Basi tatizo ni Abasi. Nikamwuliza kama kwao kuna jini. Kasema kwao kuna mama tu.

Winfrida kacheka mpaka kakalia ndoo. Kasema baba, mtazame dereva, achana na injini. Kapita mzee mwingine. Abasi kanyanyuka kitini, kavua kofia, shikamoo babu! Kimya.

Chini ya kiti kuna swichi ya tatu. Dereva akinyanyuka, injini inakatwa, rola isije ikatembea bila mtu. Abasi kasema hilo alikwishaliona tangu Jumatatu. Alidhani mashine nayo ina adabu. Na hakuna aliyemwuliza.

Mimi sinyanyukii mtu. Ndiyo maana.

Ijumaa, 5 Agosti

Winfrida kamtaka Abasi asalimie amekaa. Kakataa katakata: mama yake hupita hapa, amwamkie amekaa kama sultani? Basi, kasema Winfrida, simamisha, funga breki, nyanyuka, amkia, washa tena. Bwana Jonathan kampongeza. Mbele yangu!

Lakini sharti lilikuwa kutwa bila kuzimika. Kwa ufundi wa Winfrida itazimika mara kumi na saba vilevile, ila kwa heshima.

Kauliza kama swichi za oili na joto nimezirudisha. Nikasema zamani. Wenzangu walipokwenda swala ya Ijumaa, nikaiunga waya na ile ya kiti. Sasa Abasi aamkie Uluguru nzima; nimemwambia asihangaike tena na breki.

Jumamosi, 6 Agosti

Asubuhi ushindi mtupu. Abasi kanyanyuka mara tisa, rola inanguruma. Bwana Jonathan kanipiga begani.

Saa tano kaja mama yake Abasi, tenga kichwani. Abasi hakunyanyuka tu. Kateremka kumtua mzigo.

Rola ikaendelea na kazi. Peke yake. Kwenye mteremko, taratibu, kama mzee aendaye msikitini. Imepita juu ya sanduku langu la spana, sasa ni sinia. Imepita juu ya pikipiki ya Bwana Jonathan. Imeingia kwenye migomba ya Bi Mwanvita. Mimi nikapiga kelele isimame. Winfrida kakimbia, kadandia, kavuta kishikio cha kukata dizeli.

Hakuna aliyeumia. Bi Mwanvita kaitazama migomba yake iliyolala, kasema katika barabara yote hii, hicho ndicho kipande pekee kilichoshindiliwa vizuri.

Winfrida kachomoa vipande vyangu vitatu vya waya, kanitia mkononi. Nilitegemea matusi. Kasema safari njema, baba.

Jumatano, 10 Agosti

Turiani. Ndege ni wengi, hawana adabu hata kidogo.

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa la mama yake Abasi. Mtu mzima hapiti na tenga mahali pa kazi.

Shemeji Bonifasi ana mashine ya kukoboa mpunga. Kila mchana inazimika yenyewe! Kasema oili inavuja, anamsubiri fundi kutoka mjini. Nimemwambia fundi amekwisha fika.

Waya ninao. Vipande vyote vitatu. Hapa kimoja kitatosha.