Kilo za Kwaya

Jumatatu, 6 Januari
Rimu za magurudumu ya kibasi cha Baba zimepinda zote nne. Baba kasema mimi ndiye niliyesoma fizikia, basi nichague nyingine zinazoweza kubeba kwaya hadi Port Bell Jumapili. Nikifaulu, nitakuwa mtunzaji wa gari. Kazi ya kimya! Nikishindwa, naenda saluni kwa shangazi yangu, Tantine Victoire. Kuongea na wateja kutwa nzima! Afadhali kuishi chini ya gari.

Jumanne, 7 Januari
Nimegundua. Nyuma ya kila rimu kuna namba: kilo inazobeba. Zidisha kwa nne. Rahisi! Kilichobaki ni uzito wa wanakwaya. Kuwauliza kina mama kilo zao? Siwezi. Nitaficha mizani ya bafuni chini ya mkeka, mlangoni mwa kanisa, kidirisha cha namba kikiwa wazi.

Jumatano, 8 Januari
Ili kusoma namba ilinibidi nilale kifudifudi. Nikasingizia natafuta hereni. Mama Benedicte, sauti nzito kuliko zote, akasimama juu ya mkeka. Akauliza hereni gani, mwanangu, na masikio hayajatobolewa? Akaamua nina pepo. Kanishika kichwa, kaniombea dakika kumi bila kusogea. Kilo 96. Amina.

Alhamisi, 9 Januari
Watu kumi na wanne, ngoma mbili, vitabu vya nyimbo: kilo 1,146. Sijasahau kitu! Wanyama, dereva wetu, kaniuliza: Injinia, na dhambi zao umepima? Nimeongeza kilo tano.

Ijumaa, 10 Januari
Old Kampala, dukani kwa Odur. Rimu zenye nyota, zinang'aa kama sufuria mpya! Kilo 450 kila moja. Nne ni 1,800. Zinabaki 649, kwaya nyingine ndogo kabisa. Odur kauliza ni za gari gani. Nikampa karatasi ya hesabu. Kauliza kama uzito wote umo. Nikaitikia kwa kichwa. Kasema basi zinatosha na kuzidi.

Jumapili, 12 Januari
Shimo moja tu, karibu na Port Bell. Paa! Rimu ya mbele imepasuka kama sahani. Hakuna aliyeumia. Kwaya imemalizia safari kwa miguu, ngoma kichwani, ikiimba. Wanyama kachuchumaa, kaniuliza kwa upole kama nililipima gari lenyewe.
Gari! Nilijua gari linabeba. Sikujua nalo linabebwa.
Mama Benedicte kasema ataniombea tena, ila safari hii akiwa ameketi. Baba kasema neno moja: saluni.

Jumatatu, 13 Januari
Saluni naanza kesho. Bado nina leo nzima ya kumwonyesha Baba! Nimeazima mizani nne za bafuni kwa majirani, kwa vikaratasi chini ya milango. Moja kwa kila gurudumu. Kila mizani inafika kilo 150.
Gari likizidi, nitalipima nusu nusu.