Daktari Brandhuber na Maziwa ya Kopo

Jumatatu, 8 Januari

Mgongo umegoma kunyooka. Nimeamka nimejikunja kama ndoano, nikavaa suruali hivyo hivyo, nikaenda zamu hivyo hivyo. Okaija aliponiona akaniuliza nimedondosha nini. Mshenzi.

Lakini leo kuna habari! Sista Dzifa, muuguzi wa zahanati ya kiwanda, ametutangazia kwamba anatafuta mfanyakazi mmoja awe mwelimishaji wa afya. Huyo hatabeba saruji tena. Atakaa zahanati na kutufundisha wenzake habari za vumbi na mapafu. Atakuwa na kiti. Na feni! Tangu nilipotoka kijijini Zuarungu, kaskazini, kuja hapa Tema sijakaa kwenye kitu chenye mgongo, isipokuwa basi lililonileta.

Masharti: Ijumaa ya wiki ijayo kila anayeitaka kazi asimame mbele ya wafanyakazi, azungumze, na aje na vyanzo vitatu. Sista ameandika kwa chaki kwenye mlango wa zahanati maswali ya kuuliza kila chanzo. Nani kasema? Amejuaje? Lini? Alipima watu wangapi? Nani anafaidika tukimwamini?

Tumejitokeza wawili. Mimi na Okaija. Huyu Okaija anaendesha gari la kunyanyulia mizigo, yaani anakaa kutwa nzima. Kiti anacho, anataka cha pili! Amemaliza sekondari, na ana mpwa wake wa kike anayesomea uuguzi Accra. Mimi shule iliishia darasa la nane, mwalimu alipohama.

Haidhuru. Somo langu ninalo tayari: maziwa ya kopo. Mbeba saruji yeyote anajua kwamba kopo moja baada ya zamu huosha vumbi lote kifuani. Ukweli upo mkononi. Vimebaki vyanzo tu.

Jumanne, 9 Januari

Chanzo cha kwanza kimepatikana, na wala sikutembea mbali. Ni Mama Korkor, anayetuuzia kenke, ule ugali wa mahindi yaliyochachuka, na maziwa getini. Nimemuuliza maswali ya Sista moja baada ya jingine, kwa heshima zote.

Nani kasema maziwa yanaosha kifua? Akasema kila mtu anasema. Amejuaje? Akasema kwani mimi nimejuaje. Watu wangapi walipimwa? Akanionyesha foleni kwa kijiko: “Si hawa hapa, baba, umewahi kumwona hata mmoja amefia kwenye foleni yangu?” Kweli, sijawahi. Nikaandika: foleni nzima.

Nani anafaidika? Hapo alikasirika. Akasema faida ya kopo moja ni ndogo kiasi kwamba ni dhambi kuiita faida, na kama nimemaliza kumhoji ninunue nipishe wateja. Nikanunua mawili. Nimeandika: hafaidiki.

Jumatano, 10 Januari

Chanzo cha pili, na hiki ni cha maprofesa! Nimekipata kwenye simu saa ya mapumziko, nimekaa kivulini nyuma ya ghala. Utafiti kamili kuhusu wafanyakazi wa vumbi na kunywa maziwa. Majina manne, kila jina lina herufi mbele na nyuma. Nimesoma mistari ya mwanzo, ambapo wanasema watu wengi wanaamini maziwa husafisha mapafu. Sawa kabisa. Baada ya hapo ukurasa ukafungwa, wakaniambia nikitaka kuendelea nilipe dola thelathini.

Nimetafakari. Uongo hauuzwi bei hiyo. Uongo hupatikana bure, kila mtu anajua. Kwa hiyo utafiti huu ni wa kweli, na ukweli wenyewe lazima ni ule wa mwanzo, maana wa mwisho sijauona.

Ayinbila, ndugu yangu wa nyumbani tunayelala chumba kimoja, ameniuliza kama si vizuri kumwomba Sista anisaidie kuusoma wote. Nikamwambia mtu haombi msaada kwa mwamuzi kabla ya mechi.

Alhamisi, 11 Januari

Okaija ameonekana ana karatasi! Zimechapwa, zimebanwa pini. Zimetoka kwa mpwa wake. Akanipungia nazo kutoka kwenye kiti chake huku akisema, “Kaka Tampu, wewe umebeba nini, mbali na mfuko?” Jina langu ni Atampugre. Watu wa pwani hawana subira ya kulimaliza.

Basi nimemtegea mtego.

Nimetunga ujumbe. Nimeandika kwamba daktari mkubwa wa Ujerumani, Daktari Brandhuber, amegundua kuwa makopo mawili ya maziwa kabla ya zamu yanaziba njia za vumbi, na anayekunywa hivyo hahitaji barakoa. Jina nimelitoa kwenye kile kibao cha chuma cha mashine ya kujazia mifuko. Mashine ni ya Ujerumani. Daktari naye awe wa wapi? Juu kabisa nimeandika: Nimetumiwa, nami natuma kama nilivyopokea. Nikautia kwenye kundi la simu la wabebaji, ambalo Okaija naye yumo kwa umbea tu.

Mpango: Okaija auchukue, ausome Ijumaa mbele ya Sista, Sista amuulize nani kasema, Okaija atokwe jasho. Kiti changu!

Jumamosi, 13 Januari

Mtego haujanasa. Okaija amesema huo ujumbe unanuka. Ayinbila je? Ameamini wote! Leo kafanya kazi uso mtupu, na harmatani hii, upepo wa vumbi la jangwani, hewa nyeupe ndani na nje. Barakoa amenipa mimi, nichujie chai.

Nilitaka kumwambia. Lakini angemwambia kila mtu. Ayinbila hajui kusema uongo, ni kama ugonjwa alionao. Nikamwambia tu asizidishe. Akajibu nisiwe na wasiwasi, daktari mwenyewe kasema mawili.

Chai imechujika vizuri.

Jumatatu, 15 Januari

Ajabu! Mjomba Apoka amenitumia ujumbe kutoka Zuarungu. Mjomba, ambaye hata simu huishika kwa mikono miwili! Anasema amesikia habari ya daktari wa Ujerumani na maziwa, na kwa kuwa mimi nafanya kazi ya vumbi amenikumbuka. Kwenye ujumbe wake daktari si daktari tena, ni profesa. Na amepima watu elfu nne.

Mimi elfu nne sikuandika. Sikupima mtu yeyote. Sasa hao elfu nne wametoka wapi?

Jumatano, 17 Januari

Dada yangu wa Kumasi ametuma pia. Shemasi wa kanisa letu naye ametuma, na maneno ya sala chini yake. Kwa shemasi, profesa ana jina la kwanza: Klaus. Profesa Klaus Brandhuber, wa hospitali kuu ya Berlin.

Nimekaa kitandani nikafikiri mpaka mgongo ukasahau kuuma. Klaus mimi sikulitaja. Mtu amelitoa wapi jina la kwanza la mtu asiyekuwepo? Maana yake kuna anayemfahamu! Nimepiga ramli bila kujua, nikagonga penyewe. Mtu anaweza kabisa kutunga kitu na kikawa kipo. Na angalia: Zuarungu, Kumasi, kanisani. Watu watatu, miji tofauti, hawajuani, wanasema neno moja. Sista mwenyewe alifundisha kwamba chanzo kikikubaliana na chanzo kingine, nguvu inaongezeka.

Nimepata chanzo cha tatu. Cha Okaija nimekipima pia kwa maswali yale yale, kwa haki. Nani kasema? Mpwa wake. Nani anafaidika? Mjomba wake, yaani Okaija. Kimeanguka.

Ayinbila anakohoa. Ni harmatani.

Ijumaa, 19 Januari

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo na kuichoma hii karatasi.

Nilivaa shati jeupe. Uwanja wa mifuko ulijaa zamu zote mbili, Mama Korkor amekuja na sufuria yake. Okaija alitangulia. Alizungumza polepole, kila mara akisema hili tunalijua, hili bado hatuna hakika. Barakoa, maji ya kulowesha vumbi, kupima kifua kila mwaka. Watu walipiga miayo. Nikaona feni inazunguka kwa ajili yangu.

Nikapanda mimi. Nilipofika kwenye maziwa walipiga makofi! Sista Dzifa akaniuliza, kwa sauti ya upole, wale maprofesa wanne waligundua nini mwishoni. Nikamwambia waligundua kwamba ni dola thelathini. Makofi yakageuka kicheko. Akasema yeye aliwaandikia wenyewe wakampa bure, na hitimisho ni kwamba maziwa huenda tumboni na vumbi huenda mapafuni, na hawa wawili hawakutani.

Nikatoa silaha yangu kubwa. Profesa Klaus Brandhuber! Watu elfu nne! Sista akauliza nimempata wapi. Kwa mjomba wangu, mtu mzima, Zuarungu. Akasema basi tumpigie, sote tusikie. Nikampigia, nikiwa na imani.

Mjomba akapokea kwa kelele kama kawaida yake, uwanja mzima ukasikia. Nikamuuliza kwa heshima nani alimletea ile habari ya maziwa. “Wewe mtoto una nini? Si huyo Ayinbila mnayelala naye! Katutumia kijiji kizima, mpaka dada yako Kumasi, mpaka shemasi wenu!”

Watu wote wakamgeukia Ayinbila. Sista akamuuliza, na wewe, kaka, ulimpata wapi? Ayinbila akaangalia viatu vyake. Akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu mpaka watu waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Kisha akasema, taratibu, kama anayeomba radhi: “Kwake. Kaka Tampu ndiye aliyeutuma wa kwanza.”

Nikasema na mimi nilitumiwa. Sista akasema nimwonyeshe aliyenitumia. Nikaanza kuipekua simu. Hapo Okaija, bila hata kushuka kwenye kiti chake, akanyoosha kidole kwenye mashine ya kujazia mifuko. Kibao kile. Herufi kubwa za chuma. BRANDHUBER. Nimeipitia kila siku, na wao wameipitia kila siku.

“Muulizeni na yeye,” alisema Okaija, “profesa si yupo hapo anatema vumbi!”

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo kiwandani. Mama Korkor aliweka sufuria chini ili acheke vizuri. Ayinbila peke yake hakucheka. Sista alikuwa ameshamweka kando, chombo cha kusikilizia kifua mgongoni pake, anamwambia avute pumzi.

Kiti amepewa Okaija.

Jumapili, 21 Januari

Ayinbila ameandikiwa mapumziko. Wamempiga picha ya kifua, majibu bado. Amelala ameugeukia ukuta, hanilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Nimejisikia vibaya sana, kwa kweli, moyoni hasa.

Nikaenda nikamnunulia maziwa.

Jumatatu, 22 Januari

Sista Dzifa ameniita. Nilidhani nafukuzwa. Akasema la, mimi nitarekebisha nilichoharibu: nimfuate kila aliyeupata ujumbe, nimwambie ana kwa ana kwamba ni uongo na nimeutunga mimi. Nikimaliza atanifikiria kuwa msaidizi wa Okaija. Msaidizi hupata kigoda. Hakina mgongo, lakini ni kigoda.

Nimeanza na mchomeleaji wa karakana. Nikamwambia Profesa Brandhuber hayupo. Akaniuliza nani kasema. Mimi. Umejuaje? Nilimtunga. Akaniuliza nimepima watu wangapi. Sikupima hata mmoja. Akainua miwani yake. “Profesa kapima elfu nne, wewe hujapima hata mmoja, nikuamini wewe? Na unafaidika nini?” Nikasema ukweli, kwamba nikimaliza nitapewa kigoda. Akawaita wenzake waje wamsikie mtu anayefaidika.

Mlinzi wa getini hivyo hivyo. Mama Korkor amesema amenunua katoni nzima, kwa hiyo profesa yupo, na nisimharibie biashara.

Maswali yale ya chaki yamewaingia kweli. Wanayauliza vizuri kuliko mimi.

Jumatano, 24 Januari

Mjomba Apoka ametuma ujumbe mpya. Nimeusoma mara nyingi.

Unasema Profesa Klaus Brandhuber amejificha. Wauzaji wa barakoa wanamtafuta kwa sababu ya ukweli wake. Wameanza hata kuwatisha watu wadogo: huko Tema wamemlazimisha mbeba saruji mmoja, maskini ya Mungu, azunguke kiwandani akisema kwamba profesa hayupo. Kutoka mafichoni, profesa anashauri sasa makopo matatu.

Nilimwonea huruma yule mbeba saruji kabla sijatambua kwamba ni mimi.

Halafu nikajiuliza, kwa makini, kama tulivyofundishwa. Ni kweli nimelazimishwa? Nimelazimishwa. Na nani? Sista. Ofisini kwa Sista kuna nini, mpaka dirishani? Maboksi ya barakoa! Nani anafaidika?

Wala mimi sikuandika habari ya kujificha. Wala matatu. Kwa hiyo kuna mtu huko anayeandika, na anajua mambo yangu yote. Mtu mwenye akili namna hiyo hawezi kuwa mashine.

Kesho naingia zamu ya asubuhi. Makopo matatu yapo chini ya kitanda. Ayinbila amerudishiwa barakoa yake na kuongezewa nyingine, Sista kamwamuru. Yangu ipo juu ya birika. Inachuja chai vizuri kuliko ile ya kwanza.