Mjomba Calist Amethibitisha Safari

Jumatatu, 8 Septemba

Nimechukua simu ya marehemu mjomba Calist. Nimemdanganya mjane wake, Mama Peniel, kwamba nataka picha za msiba. Penye nia pana njia! Mjomba alifia Dar na tiketi ya ndege ya kurudi Dodoma mfukoni. Tukamleta hapa kijijini Mungaa kwa gari, maskini, yeye aliyetamani kiti cha dirishani. Leo shirika limetuma ujumbe kwamba muda wa ndege ya keshokutwa umesogezwa mbele kwa saa tano. Wakibadilisha wao, abiria ana haki ya kurudishiwa nauli yote, na inaingia kwenye simu hii hii! Mama Peniel angeitumia kujengea kaburi. Lakini kaburi halina haraka. Mimi ninayo.

Jumanne, 9 Septemba

Wameuliza: "Je, hutasafiri kwa muda mpya?" Nimejibu NDIYO. Ndiyo, sitasafiri. Kiswahili safi! Wakajibu asante kwa kuthibitisha safari. Wajinga! Nikapiga simu. Dada wa huko akasema nisihangaike, mzee mwenyewe ameshapiga asubuhi, ameomba kiti cha dirishani. Nikauliza mzee gani. Akasema yule anayekohoa. Nikakata. Jasho mpaka kwenye soksi.

Jumatano, 10 Septemba

Upepo kutwa. Saa tisa alasiri, ujumbe: abiria amepanda. Kosa la kompyuta tu! Nikaenda uani kwa mjomba kuangalia kaburi, kwa usalama. Udongo umebonyea katikati kama godoro la mtu aliyeamka. Mama Peniel alikuwepo. Akasema kuku wake hawataki kukanyaga uani tangu jana, kisha akauliza kama nimemaliza na simu. Nikasema bado kidogo. Naogopa, nakiri. Lakini nauli ni nauli.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa sita mchana, jua la utosi. Basi la Dodoma limesimama barabarani, mlango ukafunguka, hakushuka mtu, likaondoka. Mbwa wote kimya. Sasa kuna anayekohoa nje ya mlango wangu. Kikohozi hicho nakijua! Amepiga hodi. Anasema Antipasi, mwanangu, naomba simu yangu.

Nilikuwa nimeshainuka kumpa. Mara ujumbe: begi la abiria limebaki Dar, tunaomba radhi. Mzigo kuchelewa nako kuna fidia! Nimemwambia asubiri kidogo. Nikaketi kujaza fomu. Wameuliza: "Je, hujapokea mzigo wako?"

Nimejibu NDIYO.