Maji ya Mtungi wa Buluu

Jumanne, 4 Machi
Kibarua changu cha kwanza tangu nimalize shule! Ni kwenye kituo cha zamani cha petroli hapa Otonglo, nyuma ya ua wetu. Kilifungwa miaka tisa iliyopita, lakini matangi bado yamezikwa. Bwana Wechuli, mtaalamu, anataka kujua kama yamevuja. Tulitoboa ardhi kwa keekee ndefu. Udongo wa mita mbili ukatoka mweusi, unanuka. Kisima cha Dani, nyanya yangu, kiko hatua thelathini tu kutoka hapo! Marehemu babu alikichimba kwa mikono yake. Dani husema babu hakuenda mbali, alihamia kisimani. Bwana Wechuli akasema kisima kibovu kitazibwa kwa saruji. Nikataka kumwambia ni cha kwetu. Badala yake nikafuta udongo kwenye keekee. Maryanne, kibarua mwenzangu, akasema hata samaki omena wa kukaanga ananishinda maneno.

Jumatano, 5 Machi
Mpango! Asubuhi nilichota maji ya mfereji sokoni kwa mtungi wa buluu niliouona nyuma ya jikoni. Nikaufunika kwa gunia. Bwana Wechuli hupima kila kisima kwa chupa mbili. Ya kwanza alijaza mwenyewe. Ya pili akanipa mimi. Alipoinama kuandika, nikazunguka jikoni, nikajaza kutoka mtungini. Hadi shingoni, hakuna hata kiputo! Akamwambia Maryanne aje aone kazi ya mtu makini. Sijawahi kusifiwa hivyo. Dani akatuletea uji, wa maji ya kisima. Nikasema nimeshiba.

Ijumaa, 7 Machi
Chupa ziko maabara, majibu bado. Nilimshauri Dani tunywe maji ya mfereji kwa muda, ya kisima yana ladha ya chuma. Akauliza tangu lini nimekuwa mkaguzi wa babu yangu.

Jumanne, 11 Machi
Majibu! Chupa ya kwanza: maji safi. Ya pili: mafuta taa. MAFUTA TAA! Bwana Wechuli akakuna kichwa. Kituo kile kiliuza petroli na dizeli tu. Akaamua atapima upya Jumatatu, na hadi hapo hakuna kuteka. Maryanne akafunga utepe mwekundu kisimani, mafundo matatu, akiimba. Majirani wakageuka na mitungi yao mitupu. Dani akaketi kando ya kisima, kitambaa kichwani kimelegea.

Nikaenda kunusa ule mtungi wa buluu. Basi. Ndio aliokuwa Dani akinunulia mafuta taa ya jiko mwaka jana. Jumatano pua yangu ilikuwa imejaa petroli, ningejuaje? Kisima kilikuwa safi. Uchafu ni mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekiri. Kwa barua, kurasa nne, maana mdomo ulikataa. Bwana Wechuli alisoma amesimama. Akaketi. Akasoma tena. Akasema niende nyumbani, nisirudi. Dani akatokea na mwiko mkononi, akamwambia Bwana Wechuli asinifukuze, mtoto huyu akili yake yote iliishia kwenye mtihani. Kisha akanigeukia. Akasema, "Nyathina, mtoto wangu, babu yako alikauka koo akichimba, nawe unampa mafuta taa?" Nililia. Nimesamehewa, ila nibebe keekee tu. Nimeapa mbele ya wote sitagusa chupa tena. Maryanne akaomba niape kwa sauti. Nikaapa kwa sauti!

Jumapili, 16 Machi
Kanisani nilitulia. Nimejifunza: ukweli hauna haja ya msaada wangu. Kesho Bwana Wechuli atateka mwenyewe, maji ni safi, mambo yamekwisha.

Halafu mchana ikanyesha. Mvua kubwa! Maji ya kituoni yakatiririka hadi ua wetu. Kisima kilikuwa safi siku ile, lakini leo? Nani anajua? Nimefikiri sana. Niliapa kuhusu chupa. Kuhusu kisima chenyewe sikuapa.

Nimechota mitungi minne ya maji ya mfereji. Nitayamimina kisimani alfajiri, polepole, babu asishtuke. Mitungi nimeazima kwa kina Maryanne. Aliuliza ni ya nini, nikasema ya kufulia. Akatabasamu sana.

Safari hii hakuna kosa. Nimeinusa yote, mara tatu.