Waraka wa Kushusha Magari

Ilitangazwa kwa tarumbeta, na kwa karatasi yenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna paa la gari la mdogo litakalopita paa la gari la mkubwa wake. Sababu ilikuwa nzito. Katibu Mkuu mpya alikuja na gari lake la chini, tumbo karibu lilambe lami, na mara mbili barabarani alilazimika kuinua shingo ili amwone karani wa stoo ndani ya gari lake. Serikali haiendeshwi hivyo.

Utekelezaji ukamwangukia Fundi Nati wa karakana ya Idara, kibarua wa mwaka wa kumi na moja. Kibarua hana likizo, hana matibabu, na kila jioni mkewe humpokea na swali lilelile: "Barua ya ajira imetoka?" Naye hujibu, "Iko mezani." Meza gani, hakuna aliyewahi kuiona.

"Shusha gari langu kabla ya Ijumaa," Mkurugenzi alimwambia, "barua yako nasaini mwenyewe."

"Bosi, kushusha gari kuna taratibu zake. Springi fupi, shokapu zinazolingana nazo, kupima matairi upya..."

"Bajeti imeruhusu msumeno."

"Wa umeme?"

"Wa mkono. Na wenyewe tumeuazima."

Fundi akakuna kichwa. "Springi ikikatwa hairefuki tena, mzee. Si nywele hizi."

"Kata pete mbili kila springi."

"Moja inatosha, bosi."

"Basi tatu, kwa ubishi wako."

Akakata tatu. Gari likalala chini kama kuku anayeatamia. Kamati ya Vimo, iliyoundwa kwa waraka huohuo, ikaja na futi kamba, ikapima, ikajipigia makofi, ikaenda kunywa chai. Mkurugenzi akaingia garini kama mtu anayeteremka kisimani, uso umejaa uzalendo.

"Na barua, bosi?"

"Baada ya msafara wa Katibu Mkuu, bwana! Una haraka ya nini, miaka kumi na moja umesubiri."

Msafara wenyewe ulikuwa wa hatua mia mbili, karakana hadi lango kuu. Mkurugenzi mbele kufungua njia, Katibu Mkuu nyuma yake, Fundi akitembea pembeni na spana mkononi. Langoni palikuwa na tuta. Matairi ya mbele yakavuka; tumbo likakataa. Kraaa! Gari likakwama juu kabisa, matairi manne yakining'inia kama miguu ya mtoto aliyekalishwa kwenye kiti cha watu wazima.

Mpimaji wa Kamati, mtu mwaminifu asiyejua kusoma hali ya hewa, akachomoa futi kamba. "Paa la Mkurugenzi," akatangaza, "limelizidi la Katibu Mkuu kwa shubiri nzima."

Kioo cha gari la nyuma kikashuka. "Nani mhusika?" Katibu Mkuu akauliza.

Mkurugenzi akatoa kidole dirishani. "Huyo fundi, mheshimiwa!"

"Mimi kibarua tu, mheshimiwa," Fundi akasema kwa adabu. "Waraka, ibara ya nne: anayewajibishwa ni mwajiriwa. Kama aliyefanya kazi si mwajiriwa, ni mkubwa wake."

Mkurugenzi akachomoa kalamu, akaandika juu ya paja lake barua ya ajira ya kudumu, na kwa busara ya utumishi mrefu akairudisha tarehe mwaka mmoja nyuma, ili Fundi awe alikata springi akiwa mwajiriwa. Wino haujakauka, akaandika ya pili: kumsimamisha Fundi kazi kwa mshahara kamili, mpaka uchunguzi ukamilike. Tangu Idara iundwe, hakuna uchunguzi uliowahi kukamilika.

"Ahsante sana, bosi," Fundi akasema, akizipokea kwa mikono miwili. "Mama watoto atalala."

"Hebu nione hiyo ya kwanza," Katibu Mkuu akasema. Akaisoma taratibu. "'Nimemkagua mwenyewe mwaka mzima, na nimeridhika kabisa na ukataji wake wa springi.' Saini hii ni yako?"

"Yangu, mheshimiwa."

"Basi mhusika nimempata. Shuka kwenye gari la serikali."

Mkurugenzi akafungua mlango, akatazama chini. Ardhi ilikuwa mbali. Ikabidi aruke.