Gari Lenye Dirisha Paani

Jumatatu, 4 Agosti
Mke wangu kanitangazia wakati wa chai: mama yake anataka kumwona pacha wake. Pacha anaishi nchi nyingine, kwenye mji wa mawe juu ya kilima, na mguu wake mbovu haumruhusu tena kushuka ngazi. Hawajaonana tangu harusi yetu. Tutakwenda kwa ndege, tukifika tukodi gari. Nani atachagua gari? Mimi!

Tangu nioe, mama mkwe ananiita "huyu bwana". Gari la maana linaweza kunipandisha hadi "mkwe wangu". Nimekusudia.

Shemeji, kaka wa mke wangu, naye anakuja. Hakuna waridi lisilo na mwiba.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepanga viti vya sebuleni vikawa gari. Mama mkwe nyuma, mke wangu kando yake, shemeji kwenye stuli mahali pa buti. Nikachukua futi yangu ya kamba, nikapima magoti, viwiko, masanduku, na kilemba cha mama mkwe hadi kileleni. Nilipomwuliza kama amekaa raha, alimgeukia binti yake akauliza kama huyu bwana alipata usingizi jana.

Shemeji anataka kigari kidogo. Eti vichochoro vya kule ni vyembamba. Kisha akaniita Bwana Futi, mbele ya mama yake! Wivu tu. Asiye na futi hucheka vipimo.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumetua. Karani wa magari, dada mpole, aliniuliza tunaelekea wapi. Nikamwambia hayo ya wapi yatafuata, kwanza anionyeshe kubwa kuliko yote. Akanipeleka uani.

Lahaula! Jeusi, refu, linang'aa hata nikajiona mlangoni mzima mzima, na nilipendeza. Kulipanda ni kwa kidaraja. Na paani kuna dirisha! Unabonyeza, mbingu inaingia. Nilivua kofia bila kujua.

Shemeji akauliza kama tumekodi gari au ukumbi wa mikutano. Nikatia saini.

Ijumaa, 8 Agosti
Sina maneno, lakini nitajaribu. Barabara inapanda, inapanda, halafu ghafla ziwa chini yako, buluu, limetulia kama jicho la mtu anayesikiliza. Ng'ambo yake milima, na juu ya milima theluji. Theluji! Nilidhani ni mawingu yaliyochoka.

Mama mkwe akaomba nifungue paa. Akainua uso, akaegemeza kilemba kitini. Shemeji alinyamaza, jambo ninalolihesabu kati ya maajabu ya njiani. Baadaye mama mkwe akasema, kama anayejisemea, kumbe pacha wake huamka na haya kila siku, naye alikuwa akimwonea huruma. Macho yangu yakaingia vumbi kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumekwama!

Langoni mwa mji shemeji alishauri tuegeshe, tutembee. Nikamwambia mama mkwe hafikishwi mlangoni kwa miguu. Nikakunja vioo vya pembeni, nikaingia. Kona ya kwanza, safi. Ya pili, ukuta kulia. Ukuta kushoto. Mbele, hapana. Nyuma, hapana. Milango haifunguki hata kwa unene wa kidole. Mimi niliyepima kila kitu kilichomo ndani! Nani angefikiria kupima nje?

Fundi viatu, tuliyemzibia mlango wake, alichungulia akauliza nani kaagiza ukuta mpya. Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Mama mkwe hakucheka. Alisema amefika bila kufika, akaanza kulia. Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata ardhi isingenipata mle ndani.

Hapo dirisha likafunguka juu yetu. Kikatoka kichwa. Uso wa mama mkwe! Uleule, na kilemba kingine.

Mama mkwe akaamuru paa lifunguliwe. Akavua viatu, akapanda juu ya kiti. Shemeji alimshika miguu, mimi nikashika viatu. Akachomoza nje, akanyoosha mikono, pacha akainama, mikono ikakutana. Wakatazamana kama mtu na maji ya kisima. Fundi viatu akavua kofia.

Kwa kigari cha shemeji wasingefikiana! Shemeji anadai kwa kigari chake tungekuwa tumekwishapanda ngazi, tunakunywa chai. Hoja dhaifu.

Tulitoka kwa nyuma, kupitia buti la gari, mmoja mmoja.

Jumapili, 10 Agosti
Vijana wa mji wamelivuta gari. Mbavu zake sitazieleza.

Asubuhi mama mkwe aliniita. Akasema, "Mkwe wangu." Mkwe wangu! Aliendelea kusema kitu kuhusu shemeji kuendesha siku ya kurudi, na gari dogo, lakini sikumsikia vizuri kwa furaha.

Jipya: pacha anataka kwenda nasi kuliona ziwa kwa karibu. Mguu wake lazima unyooshwe. Nimepanga viti vya sebule yake, nimepima. Ngazi si tatizo tena. Nimeshusha futi kutoka dirishani mwake hadi barabarani, na kuna basi dogo ambalo paa lake linakaribia kabisa kufika. Atatokea dirishani, aingie kwa juu.

Nimempigia karani. Akauliza tunaelekea wapi. Nikamwambia tuanze na urefu.