Kosa Langu la Kuwaamkia Wateja

Damari Simoni,
Mlinzi wa Mlango,
Klabu ya Mawe Matatu,
Singida Mjini.

Ndugu Meneja Benson,

Kwa malezi niliyopata kwa bibi yangu kule Mtinko, barua kwa mtu aliyekuzidi umri huanza na shikamoo. Lakini shikamoo ndilo kosa lililoandikwa kwenye onyo langu la pili, na onyo la tatu, umesema, ni kufukuzwa kazi. Kwa hiyo naanza bila salamu, na naomba usinione sina adabu. Adabu ninayo. Ndiyo iliyoniponza.

Nimelisoma onyo hilo siku tatu, peke yangu chumbani. Linasema nimekuwa "nikiwatisha wateja kwa salamu". Kazi hii naihitaji, hivyo naomba malalamiko yangu yasomwe kwa utulivu.

1. Kuhusu Mzee Chediel. Jumamosi jioni alishuka kwenye gari na binti wa rika langu. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo baba." Akageuka kutazama anayeamkiwa ni nani. Nyuma yake palikuwa na bodaboda imeegeshwa, haina mtu. Binti akacheka, "Si wewe? Itikia basi!" Mzee akaniuliza, "We, unaniona nina miaka mingapi?" Kwenye mafunzo ya ulinzi tulifundishwa kukadiria umri wa mtu. Nikamjibu hamsini na nane. Akarudi kwenye gari, akaondoka. Binti alibaki, akaagiza chipsi mayai, akatazama mpira mpaka mwisho. Onyo linasema nilimfukuza mteja. Halisemi kwamba mteja mwingine alistarehe kuliko siku zote.

2. Kuhusu silaha. Siku ya usaili uliniuliza nina silaha gani, nikasema malezi. Ulicheka, lakini uliandika. Mwezi uliofuata watu wazima wawili walishikana mashati kwenye meza ya puli. Gaspari, baunsa wetu mwenye mikono minene kama mapaja yangu, aliingilia kati akachanwa fulana. Nikasogea nikasema, "Shikamooni wazazi wangu." Wakaitikia marahaba kwa pamoja, fimbo za puli zikashuka. Mmoja akauliza, "We binti wa nani?" Nikamtajia. Kumbe anamfahamu baba yangu mdogo wa Mgori! Akaona aibu, akaomba maji, akaenda kwake. Gaspari alipongezwa kwa fulana iliyochanika. Mimi nilipewa onyo la kwanza, kwa sababu wale wawili waliziacha bia zao mezani.

3. Umeagiza kila mwanamume nimwambie "Niaje bro". Nimejizoeza mbele ya kioo. Kwa mtu aliyetia nywele piko akasahau nyusi, neno hilo linanikwama kooni.

4. Kwa kuwa tunadai kitambulisho kwa wanaodhaniwa hawajafikisha miaka kumi na minane, tudai pia kwa waliopita hamsini. Asiyetaka kuamkiwa ajaze fomu: "Mimi, fulani bin fulani, nimeuvua uzee wangu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi nitakapochoka." Nakala moja ibaki mlangoni, ya pili iende kwa mtendaji wa kata, ya tatu kwa mkewe. Wajukuu nao wajulishwe, wasije wakamwamkia kabla hajauvaa tena.

5. Shikamoo niliyozuiwa kuitoa haiozi. Nitaitoa Jumapili nje ya kanisa, au Ijumaa nje ya msikiti, mbele ya familia ya mteja aliyeikwepa, na nitaeleza kwa sauti kwa nini imechelewa.

Ndugu Meneja, mimi ni mdogo wa mwili. Gaspari anaweza kuninyanyua kwa mkono mmoja. Kila jioni nikisimama pale mlangoni miguu hunitetemeka, na neno shikamoo ndilo linaloituliza. Mtu akishaitikia marahaba, hawezi tena kunipiga; ameshakuwa baba. Ukininyang'anya, nitabaki na kirungu tu, na kirungu sikijui. Naomba onyo lifutwe.

Nisalimie Severina wa jikoni, Gaspari na fulana yake mpya, na yule anayepiga muziki, ambaye sijawahi kumsikia akisalimiwa na mtu. Salamu yako wewe nakuachia ujaze mwenyewe hapa: ....................

Mlinzi wako mwenye malezi, hadi utakapoamua vinginevyo,

Damari Simoni

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha hii, amefika mlangoni kijana wa chuo, ndevu zimemjaa, ameinama mbele ya wenzake na kusema, "Shikamoo mama." Nina miaka ishirini na saba. Nimemuuliza, "We, unaniona nina miaka mingapi?" Akakadiria. Gaspari ndiye aliyenitoa mikono kwenye kola ya kijana huyo. Naomba onyo libaki kama lilivyo, lichapwe kwa herufi kubwa, na libandikwe nje, upande wanaoingilia wateja.